Maswali yenu: bibi zetu walitunga, karatasi alikuwa nayo nani?

Assalaam alaykum wapenzi wasomaji. Mwezi uliopita nligusia kwa kupita tu kwamba Mwana Kupona, malenga wa Pate, na Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said mtawala wa Unguja, waliishi zama moja, basi maswali yalomiminika si ya kawaida, mengine ya kheri na mengine ya ugomvi mtupu, na mmoja kaniandikia saa nane za usiku sijui alikuwa halali kwa nini. Nimechukua manne. Walobaki wanisamehe, nafasi ni hii hii.

SWALI: Bi Mwalimu shikamoo. Tumebishana darasani. Mwenzangu kasema karne ya 19 malenga wa Kiswahili walikuwa wanaume, kina Muyaka, Kamange na Sarahani, na mwanamke ni Mwana Kupona peke yake tena ni bahati tu kajulikana. Mi nikakosa la kumjibu. Kweli wanawake hawakuwa wakitunga? (Mwanafunzi, Tunguu)

JIBU: Marhaba mwanangu. Mwenzako kachanganya vitu viwili, kutunga na kubakia. Kutunga watu walikuwa wakitunga wote, nenda kwenye unyago, nenda kwenye lelemama, msikilize mama anabembeleza mtoto, zile nyimbo hazikushuka na mvua, kuna mtu alizitunga na aghlabu ni mwanamke. Kubakia ndo mtihani. Chukua huyo huyo Muyaka bin Haji wa Mombasa, kafariki 1840, unadhani mashairi yake tunayo kwa sababu alikuwa mwanamme? Tunayo kwa sababu yalikaa vifuani mwa watu miaka, mpaka mwishoni mwa karne akatokea Mwalimu Sikujua, mtu wa Mombasa pale pale, akawa anayakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishenari mmoja wa Kiingereza, Taylor. Bila Sikujua leo Muyaka angekuwa jina tu, na pengine hata jina lisingekuwepo. Sasa jiulize, ni nani alokwenda kukaa uani kwa wanawake na kalamu yake akaandika zao?

Kwa hiyo kwa Mwana Kupona usiseme bahati, sema wino. Tena kasema mwenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu, mtu wa Pate, mjane wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, kisiwani Pate huko huko, mwaka 1275 wa Hijria, yani 1858, yuko kitandani mgonjwa mwaka mzima, anamwita binti yake Mwana Hashima:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Hicho ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, ndoo mbee ni njoo mbele, ujilisi ni ukae kitako. Sasa usikimbilie kwenye mawaidha, ganda hapo kwenye mstari wa pili. Mama anamwambia binti njoo na wino na karatasi. Maana yake ndani ya nyumba ile vitu hivo vipo, na msichana yule anajua kuvitumia, na mama haoni ajabu yoyote kumuagiza, kama mimi nnavokwambia nletee simu yangu pale mezani. Ukija ubeti wa mwanzo kabisa:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Negema ni sogea, pulika ni sikiliza. Hesabu mizani utapata nane kila mstari, na hiyo "n" ya binti inasimama peke yake, usiimeze. Mistari mitatu inapatana kina chake, wa nne unatoka na "a", na "a" hiyo ndo inakwenda nayo beti zote mia na mbili bila kuchoka. Na hapo kwenye mstari wa pili kuna nakala zinasema "mchachefu wa sanati", yani wewe mchache wa miaka, bado mdogo, na nyingine zinasema "mchachefu hasanati", mwenye mema machache. Zote zina mizani nane kwa hiyo huwezi kuamua kwa kuhesabu. Mi nnapenda la miaka, kwa sababu ni mama anazungumza na mtoto wa kike kabla hajafa, lakini anonitaka tubishane aje, chai ipo.

SWALI: Na Sayyida Salme yeye alikuwa mshairi? Nlikwenda kutembezwa Mtoni, kijana wa pale akatwambia "princess na mshairi", mi nikamtazama tu. (Msomaji, Bububu)

JIBU: Hasha, mshairi hakuwa, mwandishi ndio, na mkubwa. Kazaliwa 1844 hapo hapo Bet el Mtoni, baba yake Seyyid Said, mama yake Mcherkasi. Kitabu chake cha maisha yake kakiandika kwa Kijerumani kikatoka Berlin 1886. Mtembezaji mwenzetu msamehe, watalii wakisikia "princess" wanataka na mashairi juu yake.

Lakini alivoipata hiyo kalamu ndo hadithi, na ndo ntapomkutanisha na Mwana Kupona. Anaeleza mwenyewe kuwa watoto wa kike wa kasri walisomeshwa msahafu, kusoma tu, kuandika hawakufundishwa. Salme akajifundisha kwa siri, anatazama herufi za msahafu anazinakili juu ya mfupa wa bega la ngamia, ule mfupa mpana uliokauka mweupe, ndo ulikuwa ubao wa watoto zama zile. Hebu fikiria, mtoto wa mfalme, baba ana merikebu na mashamba ya karafuu yasiyo na hesabu, halafu anajificha na mfupa kama anoiba sukari! Na kule kaskazini, kwa mjane wa Bwana Mataka, binti anaambiwa waziwazi njoo na wino.

Alafu ule ujuzi wa kuiba ukaja ukamponza. Seyyid Said kafariki 1856, watoto wakagombania kiti, na 1859 Barghash akamwinukia nduguye Majid. Upande wa Barghash walikuwamo dada zake, Khole na wengine, na barua za siri zinataka kuandikwa, nani anajua kuandika na anaaminika? Mtoto wa miaka kumi na tano, Salme. Yeye ndo alokuwa karani wa fitna ile. Utendi wa Mwana Kupona umeandikwa 1858, barua za Salme 1859, umepishana mwaka tu, wanawake wawili wa pwani hii hii, mmoja anaandikisha wasia na mmoja anaandika uasi.

Na kuna kubwa zaidi ya hilo, ambalo sijui kwa nini hatuambiani. Ile Siyu alotawala Bwana Mataka, mume wa Mwana Kupona, ndo Siyu iloyapiga majeshi ya Seyyid Said miaka ya 1840, wanajeshi wetu wa Unguja walikwenda na mizinga yao wakarudi pungufu, na jemadari wao akabaki huko huko. Kwa hiyo mume wa huyu kampiga baba wa yule. Sisi huku tunausoma Utendi wa Mwana Kupona kwenye sherehe za harusi tunapepea na vipepeo, hatujui kama tunasoma wasia wa mke wa adui yetu wa zamani, na uzuri wake ndo huo.

Salme mwisho wake mnaujua, 1866 kapanda meli ya Kiingereza kwa siri akaenda Aden, mwaka wa pili akabatizwa akaitwa Emily akaolewa na Mjerumani wake Ruete, na miaka mitatu tu mbele mume kagongwa na tramu Hamburg akafa, masikini, kabaki na watoto watatu wadogo kwenye baridi. Kitabu kile kakiandika kwa ajili ya watoto wake hao. Nao ni wasia, ukitazama.

SWALI: Bi Mwalimu mi ntasema ukweli wangu, huyo Mwana Kupona mnamsifu bure. Kamfundisha mtoto wake awe mtumwa wa mume. Leo mume wangu akikasirika ananisomea "radhi tano". Mnatuumiza. (Mke wa mtu, Mkoani)

JIBU: Shoga yangu pole, na huyo mumeo mwambie asome wote, asichague kama anochagua nyama kwenye pilau. Beti zenyewe anazokusomea bila shaka ni hizi:

Mama pulika maneno
kiumbe ni radhi tano
ndipo apate usono
wa akhera na dunia

Nda Mngu na Mtumewe
baba na mama wayuwe
na ya tano nda mumewe
mno imekaririwa

Usono ni raha. Sasa tazama mpangilio, mume ni wa tano, baba na mama wamemtangulia, mwambie hivo akikaa kula.

Lakini sitaki kukudanganya kwa mzaha. Ni kweli utendi unamwambia mke akande, apepee, asipige kelele mume akilala, amtengeneze sharafa, yani ndevu, amfukize udi, na kuna watu wamebishana miaka, wengine wanasema huo ni utumwa na wengine wanasema mama yule alikuwa mjanja, anamfundisha mtoto njia ya kumtawala mwanamme bila mwenyewe kujua, kwani ukisoma vizuri yule mume anavoelezwa utadhani ni mtoto mchanga. Mi nipo katikati. Kuna sehemu nnacheka naye na kuna sehemu inanchoma, na inonchoma zaidi si ya mume, ni hii:

Sitangane na watumwa
illa mwida wa huduma

Yani usichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Basi. Na hao watumwa nao walikuwa wanawake, walikuwa jikoni pale pale, na wao bila ya shaka walikuwa na nyimbo zao wakitwanga, na karatasi hakupewa hata mmoja. Soko la watumwa la hapa Mkunazini limefungwa 1873, miaka kumi na tano baada ya ule utendi. Kwa hiyo tukimsifu Mwana Kupona, na mi nnamsifu, tumsifu na kivuli chake.

Mwengine ukimtaka mwenye sauti ya upande wa pili, mtafute Dada Masiti wa Barawa, pwani ya Somalia, ndo Mana Sitti, alotunga kwa Chimbalazi, Kiswahili cha kwao. Wabarawa wanahadithia kuwa alichukuliwa angali mtoto akaingia utumwani, na Unguja inatajwa, kisha jamaa zake wakampata wakamrejesha. Akasoma, akazeeka, akawa mtu wa ibada na wa tenzi za kukumbusha mauti, na 1909, sheikh wao mkubwa alipofariki, Dada Masiti akatunga ule utenzi maarufu unosema baada ya uhai ni mauti. Mwenyewe kafariki 1919, mkongwe kweli kweli. Mume hamtaji hata kumpepea.

SWALI: Bibi, mi mjukuu wako wa Wete. Tulipokuwa tunagawa vitu baada ya arubaini ya bibi yetu tumekuta chini ya kasha, ndani ya kipande cha kanga kuukuu, daftari dogo limeandikwa kwa herufi za Kiarabu lakini si Kiarabu, mjomba kasoma kidogo kasema ni Kiswahili na ni kama nyimbo. Mama anasema tulichome lisije likawa la uganga. Mimi nimelichukua nimelificha. Nifanye nini? Na je lina thamani, au hao washairi wanawake wa maana walikuwa Ulaya tu, maana skuli ndo tulosomeshwa? (Binti, Wete)

JIBU: Nimelisoma swali lako mara tatu, mjukuu wangu, mkono ukawa unatetemeka. Usilichome! Kwanza hilo.

Ntakwambia kwa nini nimeshtuka. Bibi yangu mimi, mzaa mama, alikuwa na bahasha yake, karatasi za rangi ya chai zimekunjwa mara nne, zina alama za mafuta ya nazi za vidole vyake, na alikuwa akizitoa mwezi wa Rajabu anasoma kwa sauti ya puani halafu anazirejesha chini ya doti zake pamoja na karafuu za kuzuia wadudu. Sisi watoto tukidhani ni dua. Kafariki, watu wakasafisha chumba, mtu mmoja wa nyumbani, simtaji na keshafariki Mungu amrehemu, akaona ni takataka, akawashia jiko la kupikia chai ya wafiwa. Mi nlikuwepo, nlikuwa na miaka tisa, nliziona zinajikunja. Mpaka leo nnakumbuka mstari mmoja tu na hata huo sina yakini nao.

Sasa huo mzozo wa Ulaya, na Marekani nitie humo humo. Walikuwepo, ndio, na wa maana, lakini sikiliza mambo yao uone kama si yale yale yetu. Kulikuwa na bibi mmoja Marekani, Emily Dickinson, kazaliwa 1830, kaishi Amherst nyumbani kwa baba yake, akatunga mashairi karibu 1,800, na yaliyochapishwa akiwa hai hayazidi kumi na kitu. Alikuwa akiyanakili kwa mkono, anazikunja karatasi, anazishona kwa uzi, vidaftari kama arubaini hivi. Kafariki 1886, mwaka ule ule kilotoka kitabu cha Salme, dada yake Lavinia akaingia chumbani kugawa vitu akavikuta ndani ya kasha. Barua za Emily kazichoma kama alivousiwa, ilikuwa ni desturi, lakini vile vidaftari akasita, akavishikilia, akawaendea watu mpaka 1890 kikatoka kitabu cha kwanza. Kusita kwa Lavinia tu! Angekuwa na haraka kama yule wa kwetu, leo Wamarekani wasingekuwa na mshairi wao. Na wewe binti wa Wete umefanya kama Lavinia bila kumjua.

Uingereza nako, akina Brontë, dada watatu, Charlotte, Emily na Anne, walipochapisha mashairi yao 1846 wakajipa majina ambayo huwezi kujua ni ya mwanamke au mwanamme, Currer, Ellis na Acton Bell, maana Charlotte alishawahi kumwandikia mshairi mkubwa wa wakati ule, Southey, akajibiwa 1837 kuwa fasihi haiwezi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke wala haifai iwe. Mwaka wa kwanza kitabu kikauza nakala mbili. Mbili! Elizabeth Barrett Browning yeye angalau alitukuka akiwa hai, mpaka 1850 gazeti moja la London likasema apewe yeye cheo cha malenga wa taifa, wakampa Tennyson. Huyu mama familia yake ilitajirika kwa mashamba ya watumwa Jamaica, na bado akakaa akatunga shairi kwa sauti ya mwanamke mtumwa alotoroka, wakalichapisha wapinga utumwa wa Boston. Hilo Mwana Kupona hakulifanya, Elizabeth haki yake tumpe.

Na huko Afrika Magharibi, miaka hiyo hiyo, Nana Asma'u wa Sokoto, binti wa Sheikh Usman dan Fodio, anatunga kwa Kifulani, Kihausa na Kiarabu, tena alishaikata ile fundo ya karatasi, alikuwa akiwafundisha wanawake wazima mashairi kwa moyo na wao wanakwenda vijijini kuwasomesha wenzao ambao hata kalamu hawajaiona. Kafariki 1864. Hata mwenzetu Siti binti Saad, kazaliwa Fumba kwenye miaka ya 1880, skuli hakwenda, karatasi yake ikawa santuri, 1928 kapelekwa Bombay kurikodiwa na ndo mana tunae mpaka leo.

Haya, sasa kazi. Daftari usilifungue kwa nguvu, kama kurasa zimegandana ziache zilivo. Usilipake mafuta, usilianike juani, na kwa hisani yako usilipeleke kufanyiwa lamineshen pale mjini, karatasi ya zamani ikishatiwa plastiki ya moto haitoki tena. Selotepu pia hapana. Lifunge kwenye kitambaa cha pamba safi kilichofuliwa bila sabuni ya harufu, liweke pakavu, si jikoni na si juu ya kabati la bati. Hiyo kanga kuukuu usiitupe, iweke nayo, pengine ina maneno na maneno yake yanaweza kutwambia ni ya lini. Chukua simu, kaa karibu na dirisha mchana bila kuwasha flashi, piga picha kila ukurasa kwa mpangilio wake pamoja na jalada na pembe ziloliwa, kisha zitume kwa watu wawili watatu unaowaamini ili simu ikianguka baharini usilie. Halafu pata mzee wa chuoni anosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Wete hapo hawakosekani, akusomee na wewe urikodi, maana anaposita kusoma ndo penye neno la zamani. Mwishowe ukiridhika Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, wana utaratibu wa kuhifadhi vitu kama hivyo, na unaweza kuwapa au ukawaonesha tu. Uamuzi ni wenu kama familia.

Mama yako mwambie kuwa uganga huwa hauna vina. Akitaka ushahidi fungua ukurasa mmoja tazama mwisho wa kila mstari wa nne, kama unarudia sauti ile ile ubeti kwa ubeti basi huo ni utendi. Na tazama mwisho wa daftari, watungaji wa zamani walikuwa wanapenda kutia jina na mwaka kwenye beti za kumalizia, Mwana Kupona katia. Kama kuna jina, na kama ni la mwanamke, usiningoje mwezi ujao, nipigie usiku huo huo.